Kikombe na Kinywa Kilichofumbwa

Daftari langu la tafsiri lina ukurasa mmoja ambao kwa miaka minne haujajaa. Juu yake nimeandika neno moja la Kireno, cálice. Chini yake nimeandika na kufuta mengi.

Kireno nilijifunza peke yangu, kwa kamusi na santuri za Brazili. Kamusi ililifasiri neno hilo upesi: kikombe cha divai, kama kile cha ibada ya kanisani. Haikuniambia kwamba, likitamkwa, halitofautiani na amri ya kumnyamazisha mtu. Kwa sababu hiyo Chico Buarque na Gilberto Gil walilifanya jina la wimbo wao mwaka 1973. Asomaye huona dua ya Yesu ya kuepushwa na kikombe cha mateso. Asikilizaye husikia kinywa kikizibwa.

Wanajeshi walikuwa wametwaa serikali mwaka 1964, na tarehe 13 Desemba 1968 wakatoa amri yao ya tano. Bunge likafungwa, na ukaguzi wa nyimbo na magazeti ukakazwa. Mwezi huohuo Gil na Caetano Veloso walikamatwa, na baadaye wakaishi uhamishoni London hadi mwaka 1972. Kwa hiyo Gil alipotunga wimbo huu alikuwa amekwisha kukionja kikombe chenyewe. Wakaguzi nao hawakuwa wajinga: fumbo walilifumbua, wimbo wakaupiga marufuku. Mei 1973, katika tamasha la São Paulo, watunzi hao walipojaribu kuuimba, vipaza sauti vilizimwa. Santuri yake ilitoka mwaka 1978, Chico akiimba na Milton Nascimento.

Nami nifasirije? Nikiandika “kikombe”, amri inapotea. Nikiandika “nyamaza”, fumbo limekufa. Siku moja, katika kuhangaika huko, nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona zamani: Kiswahili kimezaa “fumbo” kutokana na “kufumba”. Kinywa hufumbwa, na fumbo likatoka humohumo. Nikafurahi, nikadhani nimepata dawa.

Furaha haikudumu. Nilikumbuka shairi langu moja la ujanani ambalo niliung’oa ubeti wake wa nne kabla ya kulitoa. Hakuna mkaguzi aliyeniamuru, niliogopa tu. Kwa miaka mingi nimewaambia vijana kwamba pale nilitumia fumbo. Sivyo. Fumbo huachiwa msikilizaji alifumbue, na umati wa Brazili ulilifumbua hata baada ya sauti kuzimwa. Mimi sikumwachia mtu kitu. Nilifumba tu.

Ukurasa wa cálice bado haujajaa, na huenda neno nikaliacha kwa Kireno chake. Ubeti wa nne nimeurudisha mahali pake.