Samaki Mwenye Umeme Mkiani

Akina mama waishio kando ya Ziwa Viktoria wanamfahamu domodomo, yule samaki mwenye mdomo mrefu ulioinama chini na macho madogo. Lakini ni wachache wajuao kwamba kisu cha jikoni kinapopita karibu na mkia wake hukata mtambo wa umeme.

Mtambo huo ni nyama iliyoacha kazi ya misuli na kushika kazi nyingine. Umeme wake ni dhaifu. Haumwumizi mvuvi hata kidogo, tofauti na ule wa kambare wa umeme wa Mto Nile na Kongo, ambaye akishikwa mara moja hashikwi tena kwa mkono mtupu. Kazi yake ni kuona. Domodomo na jamii yake hutembea usiku, mara nyingi katika maji ya tope ambamo macho hayana faida. Samaki hutoa mipigo ya umeme mfululizo, na ngozi yake husikia jinsi jiwe, mzizi au funza anavyoipotosha. Mtaalamu Hans Lissmann wa Cambridge, Uingereza, ndiye aliyetangaza mwaka 1951 kwamba samaki mmoja wa Mto Nile, aliye jamaa wa karibu wa domodomo, hutoa umeme wa namna hii bila kukoma. Wavuvi walikuwa wamemvua kwa karne nyingi.

Mipigo hiyo ndiyo pia lugha yao. Hapo ndipo shida ilipo, na askari yeyote aliyewahi kushika redio ya mawasiliano ataielewa upesi: asemaye husikiwa na asiyekusudiwa.

Asiyekusudiwa ni kambare wa kawaida, yule yule wa sokoni. Huko Botswana, katika mabwawa ya Okavango, maji yanapopungua kila mwaka, kambare hukusanyika makundi makubwa na kuwinda kandokando ya mafunjo, na windo lao kubwa ni jamaa wadogo wa domodomo, ambao kwa kawaida hawafikii futi moja. Kambare hana umeme wa kutoa, lakini ngozi yake huhisi umeme wa wengine, mradi mpigo usiwe mfupi mno. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba mpigo wa jike, usiofika hata sehemu moja katika elfu ya sekunde, humpita kambare bila habari; ule wa dume, ulio mrefu zaidi, humfikia.

Kwa nini basi dume asifupishe mpigo wake? Jibu lipo nyumbani. Katika jamaa zake wa Afrika Kusini imeonekana kwamba majike hupendelea madume wenye mpigo mrefu. Kile kinachomvutia mchumba ndicho kinachomwita adui, na dume, kama madume wengi, amechagua uchumba.

Njia moja imebaki. Samaki hawa wakishtuka huzima umeme wao, wakakaa kimya kabisa. Kambare hupoteza alama aliyokuwa akiifuata. Lakini kwa muda huo samaki naye haoni jiwe, wala mzizi, wala tundu la kukimbilia. Hukaa gizani katikati ya mafunjo, na baada ya muda hulazimika kupiga tena.