Nasaba Isiyoanzia Jahazini

Mwulize mzee wa pwani hii asili yake, mara nyingi atakupakia jahazini. Kahawa haijapoa mmeshavuka bahari, mmefika Shirazi, unatajiwa fulani bin fulani bin fulani. Sikatai. Ila huwa najiuliza: hao mabaharia walipotia nanga huku, walizaa na nani?

Kwetu Chikongola, hapa Mtwara, swali hili limeacha kuwa la barazani. Mjomba anataka nasaba ya ukoo iandikwe, ipigwe chapa, kila nyumba ipate nakala. Kazi nimetupiwa mimi, eti ndiye mwandishi wa familia, japo riwaya yangu bado inalala kwenye madaftari. Upande wa babu nimepewa majina saba, la mwisho ni la mtu wa Kilwa. Upande wa bibi nimefika kwa bibi yake, nikagota.

“Huyo aliletwa,” bibi akaniambia. “Nimelelewa mgongoni mwake. Kwao hakupataja hata siku moja.”

Aliletwa. Ndugu msomaji, kwa mtu wa kusini neno hilo halihitaji kamusi. Misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa ilishukia pwani hii, Kilwa hadi Mikindani. Mkataba wa mwaka 1873 wa Sultani wa Zanzibar ulipiga marufuku kuwasafirisha baharini na kufunga masoko yao, lakini utumwa wenyewe ukabaki. Wajerumani wakaamua tu kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 awe huru. Tanganyika ilikuja kuufuta utumwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hizi si habari za enzi ya Nuhu. Ni habari za mgongo uliombeba bibi yangu.

Mjomba hataki ziandikwe. “Mpwa wangu, humu ndani kuna mabinti wanachumbiwa. Unataka watu waseme nini?” Simdharau. Nimeshasikia posa ikivunjika kwa neno moja tu: mzalia. Lakini nikamkumbusha habari za hao hao Washirazi anaowapenda. Mreno João de Barros, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1552, anasimulia kwamba Ali, mwanzilishi wa usultani wa Kilwa, mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Ndugu zake wa baba walimdharau kwa ajili hiyo, ndipo akatweka tanga akaja huku. Mjomba akanyamaza.

Tena mwaka 2023 wataalamu walitoa katika jarida la Nature matokeo ya kupima vinasaba kutoka katika mifupa ya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani, Kilwa ikiwemo, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wengi walionekana kuchanganya damu ya Afrika na ya Asia. Ile ya Asia ilitoka hasa kwa wanaume, wengi wao wa Uajemi. Ile ya Afrika ilitoka hasa kwa wanawake. Basi wazee hawakutudanganya kuhusu jahazi. Walichofanya ni kuwaacha mama zetu ufukweni.

Na hapa kusini tulikuwa na hesabu nyingine. Kwa Wamakonde ukoo, litawa, hufuata mama, na mjomba ndiye msimamizi. Huo ujomba anaonitia nao adabu, Mjomba kaupata kwa mama yake, aliyeupata kwa mama yake, aliyeupata kwa huyo aliyeletwa. Akimfuta yeye, atakuwa mjomba wa nani?

Huko Marekani wapo wanaofuata ukoo wao hadi meli ya Mayflower ya mwaka 1620, maana abiria wake waliandikwa majina. Wajukuu wa watumwa wengi hukwama mwaka 1870, ilipofanyika sensa ya kwanza baada ya utumwa kufutwa. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana. Wao walinyimwa majina na makarani wa watu wengine. Sisi kalamu tunaishika wenyewe, halafu tufanye yale yale?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama mbele yangu kuna riwaya, haiwezi kuanza kwa kuficha. Na wewe unayesoma hapa ukiota kuandika, bibi yako angali hai, kaa naye jikoni umuulize mama zake, sio baba zake tu.

Ukurasa wa kwanza nimeuandika hivi: “Bibi wa bibi. Aliletwa kutoka bara akiwa mtoto. Kwao hapajulikani. Sote humu tumetoka kwake.” Mjomba kausoma mara mbili, kaukunja, kautia kwenye mfuko wa kanzu. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Chapa inamngoja yeye.