Mama Arudi Maporomoko ya Chania

Picha ile imetundikwa ukutani kwa mama hata rangi zake zimefifia. Baba amevaa suti ya kuazima, mama amejifunga kitambaa cheupe kichwani, nami nimeshika andazi. Nyuma yetu ni maporomoko ya Chania, Thika. Ilikuwa Krismasi ya mwaka 1998.

Baba alifariki mwaka 2003 nasi tukahamia Nakuru. Tangu hapo mama hakurudi huko, mpata juzi aliponiambia: "Nipeleke kabla magoti hayajanikatalia kabisa."

Basi Jumapili alfajiri tulifunga safari, mama, mke wangu na watoto wetu wawili. Nilidhani matembezi yangeanzia Thika, kumbe kwa mama yalianzia Ruiru. Alikaza macho dirishani akitafuta mibuni aliyokuwa akichuma kwa kibarua. Aliona maghorofa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, ilhali Thika, tuliyozoea kuiona kaka mkubwa, ilikuwa na 251,407. Barabara kuu iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012 imewafanya wengi wafanye kazi Nairobi na kulala Ruiru. Nilimkumbusha mama kuwa jina la mji wake lingali mashambani, kwani kahawa ya Ruiru 11, inayostahimili kutu ya majani, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985. Hakunijibu.

Thika tulielekea moja kwa moja Blue Posts, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1908. Bustani yake imelala baina ya mito miwili, Chania na Thika, na kila mto una maporomoko yake. Wanangu, waliozoea kuona maji ya aina hiyo kwenye runinga, walinyamaza kimya. Si jambo dogo hilo, anayewafahamu atakuambia.

Taabu ilikuwa ngazi. Tulipopigiwa picha ni kule chini, karibu na maji. Mama alishuka vidato vitatu, akasimama. Nilipotaka kumbeba alinifokea: "Mimi si gunia la kahawa!"

Akaketi papo hapo. Akafungua mkoba, akatoa ile picha iliyoviringishwa kwa leso, akampa kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka minane. "Nenda usimame aliposimama babu yako."

Mtoto alishuka na mamake, akageuka na kuinua picha juu. "Sogea kushoto!" mama alipaaza sauti. "Kushoto zaidi!" Maji yalinguruma, hakusikika, ikabidi nitumwe mimi. Kijana aliposogea hatua mbili, jiwe lile lile la kwenye picha likajitokeza nyuma ya bega lake.

Nilirudi juu nikihema, nikitarajia kumkuta mama akilia. Nilimkuta akihangaika na kifuniko cha mkebe wa maandazi.

"Mpelekee moja," akaniambia. "Wewe ulikuwa nalo."