Mti wa Bugolobi

Mwezi huu mwalimu wenu siandiki habari ya mitihani, nataka kuwaambia habari ya mti.

Mara ya kwanza nilifika Bugolobi, kule Kampala, kumsindikiza shangazi kwenye matibabu. Tulipata chumba nyuma ya nyumba ya watu, upande wa bonde linaloshuka kwenye kinamasi cha Nakivubo. Penye rundo la matofali kulikuwa na mche wa kufika magotini, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Niliporudi miaka miwili baadaye kumchukua shangazi, ule mche umepita paa, naye anaanika nguo chini yake! Nikauliza nani aliupanda. Mlinzi akacheka: "Ndege."

Waganda wanauita kasisa, Watanzania mpesi. Unazaa vitunda vidogo vyeusi, ndege wanakula na kudondosha mbegu popote penye jua. Hauishi miaka mingi kama mvule, lakini unakua mbio, na unatoa kuni na makaa. Wataalamu zamani waliuweka katika ukoo wa miti ya elmu ya Ulaya, siku hizi wameuhamishia ukoo wa bangi. (Wazazi msiogope, haulewishi. Kumbe hata miti inahamishwa bila kuulizwa.)

Sasa, baba yangu. Tangu tufike Nakivale mwaka 2008 hakutaka mti kwetu. Eti kupanda mti ni kusema haturudi tena Masisi. Tukapanda mahindi na maharagwe tu, vitu vya msimu. Kuni dada zangu walizifuata mbali. Siku moja yule mdogo alirudi usiku, bila kuni, na hakusema kitu. Hapo sitaandika zaidi.

Basi nikang'oa miche mitano chini ya ule mti wa Bugolobi, nikaifunga na udongo wake kwenye kavera, nikapanda nayo basi mpaka Mbarara. Nikamwambia baba: "Huu hauchelewi. Tukiitwa kurudi, utakuwa umeshatupa kuni." Hakujibu. Mbuzi walikula miwili, mmoja ukakauka. Miwili iliyobaki imeshanipita kimo.

Kiangazi kilichopita niliamka mapema nikamkuta baba ameinama na beseni, anamwagia mti maji aliyonawia uso. Aliponiona akasema anamwaga tu maji machafu.