Nyumba Niliyoiandika Nikiwa Nje

Mwaka 1992 nilikuwa kijana wa kushika ncha ya futi kamba. Tulikuwa tukipima Mji Mkongwe wa Unguja, uchochoro kwa uchochoro: Shangani, Malindi, Kiponda, Mkunazini, Sokomuhogo. Nyumba zilipita 1,700, na kila moja ilikuwa na karatasi yake: ghorofa ngapi, paa la nini, mlango una nakshi au hauna, hali nzuri, wastani au mbaya. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya kuandika thamani ya jengo. Maneno mawili matatu ya hapo yalikuwa na uzito kuliko karatasi nzima.

Wakati ule mji ulikuwa unaanguka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilikwenda serikalini, zikagaiwa familia kadhaa kwa pamoja. Kila familia ilitunza chumba chake. Paa halikuwa na mwenyewe. Maji ya mvua yakipenya juu, hushuka ndani ya ukuta hadi kwenye vichwa vya boriti, na boriti huanzia kuoza hapo hapo, pasipoonekana. Wengine walipiga plasta ya saruji juu ya mawe na chokaa wakidhani wanaokoa nyumba. Saruji haipumui. Unyevu ukafungiwa ndani, ukuta ukaliwa taratibu.

Nyumba moja ya Kiponda ilikuwa imepigwa saruji hiyo mbele yote, na mlango wake ulikuwa wa mbao za kawaida. Nikajaza karatasi nimesimama uchochoroni: nakshi hakuna, thamani ndogo. Bi mkubwa mmoja akachungulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwaandika nini?"

Nikamweleza.

"Basi ingia ndani kwanza."

Jua lilikuwa kali na zilibaki nyumba nyingi za siku ile. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Miaka michache baadaye, masika moja, upande wa mbele uliporomoka. Bi mkubwa alikwishahama, na hakuumia mtu. Nilipopita nikauona ukuta wa ndani uko wazi mbele ya mji mzima: zidaka, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimezungushiwa maua ya chokaa iliyochongwa kwa kisu, kila ua na majani yake manane. Kwenye kidaka cha juu kilikuwa kimeganda kipande cha sahani ya kaure. Kabla ya mwezi kwisha ukuta ule nao ukabomolewa.

Simaanishi kwamba kuandikwa kunatosha. Mji wetu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, linajulikana dunia nzima. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka na kuua watu. Lakini jumba lile lina picha na vipimo vya kulirudishia. Nyumba ya Kiponda ina mistari yangu miwili.

Sasa vijana wanaingiza majengo kwenye kompyuta, na nafasi ya picha ni kubwa. Nawaomba wapige hodi na waingie ndani. Na wewe uliyezaliwa kwenye nyumba hizo, kama una picha ya harusi iliyopigwa ukumbini, tazama nyuma ya bibi harusi. Zikionekana zidaka, wapelekee vijana hao picha hiyo ikanakiliwe.