Bando la Usiku

Ndugu msomaji, kabla sijamsema mtu, naomba nijiseme mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtumia mdogo wangu bando.

Nina kibanda cha kutengeneza simu Mwanjelwa, Mbeya. Chini ya meza kuna daftari kubwa la riwaya yangu, ambayo kwa miaka miwili haikuvuka sura ya tatu. Mimi niliishia kidato cha nne. Mdogo wangu alipopata chuo Iringa, mama aliuza mpunga wake wote, nami nikaahidi intaneti. Kila wiki simu: "Kaka, nirushie hata GB moja, kuna asaimenti." Ningekataaje? Notisi zenyewe siku hizi zinatumwa WhatsApp. Basi, narusha.

Mwezi Mei 2024 nilisikia amepata sapu mbili. Nikapanda basi. Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga. Njia nzima natunga hotuba ya kumfokea. Nilimkuta kwenye geto lake Kihesa, Jumamosi jioni, baridi ya Iringa ikiuma masikio. Usiku huo sikulala. Yeye alijifunika blanketi, mwanga wa simu usoni, video hii, video ile, mpaka saa tisa. Madesa yalikuwa mezani na vumbi lake.

"Msuli unapiga saa ngapi?" nikamuuliza.

"Nikimaliza hii, kaka."

Kesho yake, Jumapili tarehe 12, intaneti ikaanza kukokota, kisha ikawa kama imekufa. Baadaye tulisikia kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mimi nilishangilia kimoyomoyo. Leo atasoma!

Kweli, alikaa mezani. Akafungua desa. Nusu saa ikapita, ukurasa ni uleule. Nikamsogelea ili nianze hotuba yangu, nikaona machozi yanadondokea karatasi.

"Nasoma mstari, kaka, nikifika mwisho nimesahau mwanzo. Nimechoka tangu mwaka jana. Nikilala naamka nimechoka. Hiyo simu ndiyo kitu pekee kisichoniuliza nimepata ngapi."

Hotuba yangu ikayeyuka. Nani alikuwa akimuuliza amepata ngapi? Mama, kila Jumapili. Na mimi, kila nikirusha bando.

Nilikumbuka Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Kazimoto alikuwa msomi wa chuo kikuu, na enzi hizo hapakuwa na simu ya mkononi ya kulaumiwa. Hata hivyo mawazo yalimla mpaka akajitoa uhai. Nilimtazama mdogo wangu, nikaogopa kweli.

Jioni tulipanda jiwe la Gangilonga. Kwa Kihehe jina hilo maana yake ni jiwe linalosema, lakini siku hiyo aliyesema ni yeye, mji wote ukiwa chini yetu. Mimi nilinyamaza. Jumatatu nikamsindikiza kwa mshauri wa wanafunzi, nikamngoja nje saa nzima.

La hasha, sitakudanganya kwamba yalikwisha siku ile. Septemba alifuta sapu moja. Nyingine akaibeba mwaka uliofuata. Bando bado namtumia, maana bila hilo hasomi. Ila mama sasa akipiga huanza na "Umekula? Umelala?" Matokeo baadaye.

Nami niliporudi Mwanjelwa nilijiuliza swali lilelile. Usiku ngapi nilipitisha kwenye simu, nikasingizia wateja, kumbe naiogopa sura ya nne? Siku hizi saa mbili usiku naifungia simu kwenye droo. Nimefika sura ya tano. Ni mwendo wa kobe, lakini ni mwendo.

Kwa hiyo, wewe mwenye mdogo wako chuoni, kabla hujamnyang'anya simu, kaa naye kwanza. Muulize anamkimbia nani.