Kauboi ni Mchunga Ng'ombe, Basi

Wasee, kuna mji unaitwa Bandera huko Texas, kama saa moja hivi kwa gari kutoka San Antonio, anakofanya kazi dadangu. Watu hata elfu moja hawafiki, lakini mji umejipa cheo: Makao Makuu ya Makauboi Duniani. Tulipoenda kumtembelea dadangu, Mathe alitaka maduka. Mzee alitaka Bandera tu. Yeye ni wa kizazi cha Kenny Rogers na Don Williams kila Jumapili asubuhi, kwa hivyo hakuna aliyebishana naye.

Barabara kuu unaimaliza haraka. Kofia, mikanda, buti za ngozi, vigingi vya kufungia farasi. Picha nilipiga, sikatai.

Tukaingia makumbusho ya Frontier Times, yaliyofunguliwa 1933. Mzee akasimama mbele ya tandiko kuukuu na kamba, akakaa hapo mpaka nikamfuata. Akaniambia, "Hii kazi mimi nilifanya."

Kumbe akiwa darasa la tano alikuwa akichungia jirani ng'ombe ili apate karo. Waliwaswaga kwa miguu kutoka Ng'arua hadi mnadani Nyahururu, siku mbili, wakilala nje. Mathe akageuka: "Si uliniambia ulikuwa unasaidia babu shambani?" Miaka ishirini na saba ya ndoa!

Na makauboi wenyewe walikuwa nani? Kuanzia 1874 hivi walipitisha mifugo hapo Bandera kuelekea Dodge City, Kansas. Vumbi, miezi njiani, mshahara wa dola thelathini na kitu kwa mwezi. Ufundi wa kamba walijifunza kwa Wameksiko. Wanahistoria wanakadiria mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, wengine wametoka utumwani juzi tu. Sinema ndizo ziliwafuta. Seng'enge na reli zikaimaliza ile kazi kabla karne haijaisha, na leo mji mzima unakula kwa jina lake.

Sisi je? Kofia tunanunua, tunaivaa usiku wa Mugithi. Lakini aliyeleta huyo mbuzi tunayemtafuna, kutoka Laikipia au Kajiado, tunamwita mshamba. Mtoto akianguka mtihani anaambiwa ataenda kuchunga ng'ombe. Nilipoacha chuo, mjomba mmoja aliniambia hivyo hivyo mbele ya watu, "rudi ocha ukachunge ng'ombe," na wote wakacheka. Mzee alikuwa ameketi pale pale. Hakucheka, hakusema neno. Nilidhani ameona haya kwa sababu yangu.

Sasa nimemwomba anitembeze ile njia ya Ng'arua hadi Nyahururu nikiwa na kamera. Anasema pengine imejaa mashamba na ua. Mathe ndiye amekubali haraka, anataka kusikia ni nini kingine alifichwa.